Hiram na Pazia la Mlima

Nianze kwa kusema kwamba mimi nilimwambia. Nilimwambia Hiram Khaoya siku ya kwanza alipoleta ule wazimu wake, nikamwambia tena mwaka uliofuata, na mara nyingine nilimwambia nikiwa na mwiko mkononi kwa sababu alinikuta napika. Hakuna mtu Kitale atakayetoa pesa yake apigwe picha na Mlima Elgon. Si mlima wenyewe uko pale? Ukitoka nje asubuhi kunawa uso unaukuta umekaa tu, unakuangalia, na haukuitishi hata shilingi.

Mimi ni Wakonyo, lakini mjini wananiita Mama Ngari wa picha. Marehemu mume wangu aliniachia kamera, taa mbili na chumba kirefu karibu na soko. Studio yetu ilikuwa na benchi la kungojea, kioo cha kujichania nywele, na kitana kilichofungwa kwa kamba ukutani ili watu wasiondoke nacho. Lakini si kamera iliyoleta wateja. Ni pazia. Miaka hiyo ya themanini na moja, themanini na mbili, mtu hakuja studio apigwe picha alivyo. Alikuja apigwe picha akiwa mahali ambapo hajawahi kufika, na kazi ya pazia ilikuwa kumfikisha.

Mchoraji wa mapazia alikuwa Hiram. Mtu wa Kimilili huyo, amehamia mtaa wa Tuwan hapa mjini na mkewe Jentrix Nasimiyu. Mrefu, mpole, mkimya mpaka anakuudhi. Alikuja kwangu na baiskeli iliyofungwa mikebe ya rangi nyuma, akanichorea ndege. Picha zilikuwa bado nyeusi na nyeupe, kwa hivyo pazia nalo lilichorwa kwa rangi hizo hizo na kijivu cha kila aina, kwa maana rangi nyingine ungezipakia nini na kamera haizioni? Ndege yenyewe ilikuwa na mlango wazi na ngazi. Mteja anaweka mguu mmoja juu ya kreti ya soda niliyoifunika kitambaa, anashika mkoba, anageuza shingo kidogo, na mimi nabonyeza. Picha ikitoka, huyo anapanda ndege. Nyanya wa watu ambao hawajawahi kupanda hata lori walipanda ndege kwangu, wakapeleka ushahidi kijijini.

Ndege ilitulisha sote. Sasa mtu akishapata kitu kinachomlisha si atulie? Hiram, wapi! Siku moja amekaa kwenye benchi langu, anakunywa chai yangu, akasema, "Mama Ngari, hiyo ndege nilichora kwa sababu ya tumbo. Sasa nataka kuchora kitu."

"Kitu gani tena?"

"Masaba."

Masaba ndilo jina ambalo watu wao, Wabukusu, wanauita Elgon. Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Yeye hakucheka. Akaniambia anataka siku moja mtu aingie hapa, aone ndege, aone mlima, halafu aseme mwenyewe, nipige na mlima. Mtu mmoja tu, bila kusukumwa. "Akisema hivyo," akasema, "nitajua mimi ni mchoraji. Saa hii mimi ni fundi wa rangi."

Basi akauchora. Jentrix alimshonea kitambaa cha marikani kwa mkono, usiku wa juma zima, na Hiram akaupaka mlima kijivu juu ya kijivu. Niseme ukweli, alikuwa na mkono. Lakini nyinyi mnaujua Elgon. Si mlima wa kusimama. Umelala pale, mpana, mgongo mrefu, huna hakika umeanzia wapi. Tulipoutundika, mteja wa kwanza alikuwa mwalimu. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Mama Ngari, hii ni mlima ama ni ng'ombe amelala?"

Nikamwambia Hiram aweke ncha. Kidogo tu, bana, watu wajue ni mlima. Na theluji juu, kwani theluji inagharimu nini, ni rangi nyeupe tu. Akakataa kabisa.

"Masaba haina ncha."

"Weka. Nani atakushtaki?"

"Siweki uongo."

"Na ndege je? Ile ngazi umeiona wapi?"

"Ndege ni kazi," akasema. "Hii ni mlima."

Tulikaribia mara moja. Bwana harusi mmoja, karani, aliutazama mlima akasema si mbaya. Hiram alikuwa mlangoni, nikamwona anashika fremu ya mlango. Halafu bibi harusi akapandisha sauti. "Ai! Nimetoka huko mlimani, nimeolewa mjini, halafu unirudishe mlimani kwa picha?" Wakapanda ndege. Hiram akaniaga kwa heshima zote, akatoka na baiskeli yake akiisukuma, hakuipanda.

Kisha rangi ikaingia. Kufikia themanini na tano kila mtu alitaka picha ya rangi, hata kama filamu ilibidi ipelekwe Nairobi kuoshwa na picha zirudi mteja ameshanenepa. Mapazia yote ya kijivu yakafa siku moja. Katika picha ya rangi, mlima wa Hiram ulionekana umeugua. Nikamwagiza sebule: makochi mekundu, televisheni, chombo cha maua. Akaichora kwa siku tatu, akaniuzia, akachukua marikani ya mlima na kuikunja vizuri. Nikadhani yameisha. Kumbe alikuwa anasema moyoni, haya, sasa nitauchora na rangi zake.

Kwa hiyo akaenda Saboti kuuangalia kwa karibu. Alikaa huko ukingoni mwa shamba la watu, amesimamisha ubao wake juu ya vijiti vitatu, amefumba jicho moja, amenyoosha mkono na penseli anapima mgongo wa mlima. Sasa jiulizeni. Trans-Nzoia nzima hii, mtu akionekana amesimama shambani na vijiti vitatu, amefumba jicho moja, anapima, huyo ni nani? Huyo ni mtu wa kupima ardhi! Habari ilizunguka haraka. Kabla ya saa sita mzee mmoja amemletea kuku. Akamwambia kwa upole kwamba ule mpaka wa kijitoni, ukisogea kidogo tu upande wa pili, hakuna mtu ataumia. Alasiri akaja jirani wa ng'ambo ya kijito na kuku wawili, na maoni yake tofauti.

Hiram akawaeleza kwamba yeye anachora mlima tu. Wakacheka sana. Ati serikali imetuma mtu achore mlima! Mlima unaenda wapi? Alipoendelea kukana wakazidi kumheshimu, maana waliona huyu ni mpimaji mwenye siri. Siku ya pili vijana wakaamua kwamba amekula upande mmoja, wakamkimbiza. Aliingia Tuwan jioni na matope mpaka magotini, michoro yake ndani ya shati, na wale kuku bado wamefungwa nyuma ya baiskeli kwa sababu hakupata nafasi ya kuwafungua.

"Angalau," Jentrix akasema, "leo huo mlima umetuletea kitoweo."

Mlima wa pili ulikuwa mzuri, haki ya Mungu. Mashamba ya chini yana kijani chake, msitu una wake, na juu kule kwenye majabali alikuwa ameweka rangi fulani ya zambarau ambayo sikuamini mpaka nilipotoka nje asubuhi nikaikuta. Lakini kuta zangu zilikuwa zimejaa, na mimi nilikuwa mjane mwenye watoto, sikuwa na nafasi ya kutundika mapenzi ya mtu. Nikamwambia hivyo hivyo, bila sukari. Akaubeba mlima wake akaupeleka Bungoma, kwa mpiga picha mmoja anaitwa Festus, aliyesoma naye.

Na akaupeleka lini? Agosti, mwaka wa themanini na sita. Mbukusu mzima, aliyezaliwa na kutahiriwa Kimilili, anapeleka pazia Bungoma Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili! Si ndio msimu wenyewe wa tohara? Mji wote uko njiani na kengele na nyimbo, kila boma lina wageni, hakuna mtu anakumbuka picha mpaka wavulana wapone. Festus aliupokea mlima kwa mikono miwili. Akamwambia Hiram arudi baada ya wiki aone wateja watakavyopiga foleni.

Wiki ikaisha, Hiram akarudi. Studio imefungwa. Akaelekezwa kwa boma la kaka yake Festus, ambako mtoto alikuwa ametahiriwa asubuhi hiyo. Akafika, akasalimia, akatazama juu. Mlima ulikuwa umefungwa kwenye nguzo nne, umekuwa hema. Mvua ilikuwa imetishia, wazee wanahitaji kivuli, na Festus akakumbuka kwamba ana kitambaa kikubwa kisichopitisha maji. Chini ya Masaba wazee wameuzunguka mtungi wa pombe ya busaa na mirija yao mirefu. Upande wa pili akina mama wanapika, na moshi wote umepanda juu kwenye msitu. Nguzo moja ilikuwa imetoboa pale pale kwenye majabali ya zambarau.

Hiram akamwuliza mzee aliyekuwa karibu kama ameona ni picha ya nini. Mzee akanyanyua macho, akafikiri.

"Tuliona kuna rangi," akasema. "Kaa chini, mwanangu, utie mrija."

Akakaa, akatia mrija. Angefanya nini? Kugombana siku ya mtoto ni mwiko, na Festus hakuona kosa lolote. Alikuwa amemkaribisha kila mgeni akimwambia hema ni la rafiki yake. Hiram mwenyewe ndiye alinisimulia hayo, na alisimulia vizuri sana, hata akaigiza ile sauti ya mzee. Mimi nikacheka mpaka nikajishika mbavu. Ila alipomaliza kusimulia hakusema atachora mwingine, na hapo ndipo kicheko kiliniisha.

Hakusema mwaka huo wala uliofuata. Akawa fundi wa maandishi. Hoteli, duka la dawa, posho mill ya kusaga mahindi, mlango wa lori, kinyozi na vichwa vinne vya mitindo. Kazi ilikuwa nyingi na alinunua baiskeli mpya. Ukimuuliza habari anasema nzuri. Mimi nilifurahi, nikasema mtu amekomaa sasa. Mpaka siku Jentrix alipokuja studio, akakaa kwenye benchi, akakataa chai. Jentrix ninayemjua mimi hajawahi kukataa chai.

"Mama Ngari, mwambie achore."

"Achore nini? Si anachora kila siku?"

"Unajua ninachosema. Nyumbani amenyamaza vibaya. Zamani alikuwa ananyamaza akifikiria kitu. Siku hizi ananyamaza tu." Akafuta macho na ncha ya leso. "Mimi nilimcheka huo mlima miaka yote. Sasa naomba urudi."

Mimi sijui kubembeleza mtu. Hata watoto wangu niliwapenda kwa makelele. Kwa hivyo nikamwita Hiram, nikamwonyesha ukuta wa nyuma, nikamfokea kwamba unyevu unaniharibia studio, nataka kitambaa kikubwa cha kufunika huo ukuta, na sitaki ndege wala makochi, nimechoka nayo. Achore upuuzi wowote anaotaka.

Akautazama ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa mkavu kabisa. Akanitazama mimi, nami nikajifanya natafuta kitana.

"Itachukua muda," akasema.

"Nimekuuliza muda?"

Alichukua karibu miaka mitatu. Hakununua rangi hata mkebe mmoja. Aliuchora kwa mabaki ya kazi. Akipaka duka la dawa, kijani kinachobaki kinaingia msituni. Mbingu ilitoka kwenye mlango wa lori. Udongo ulitoka hotelini. Ile zambarau ilimsumbua mpaka kanisa fulani lilipotaka maandishi ya Pasaka, naye akawashauri kwa nguvu zote kwamba Pasaka inapendeza kwa zambarau. Jentrix alirudi kunywa chai.

Tukautundika mwaka wa tisini na moja, juu kwenye mti wa kukunjia pamoja na yale mengine, uvute kamba ushushe unalotaka. Na mimi nikawa mwaminifu. Kila mteja nilimwuliza, "Ndege, sebule ama mlima?" Wote wakacheka. "Mlima? Mama Ngari una mchezo wewe!" Vijana walitaka kitu cha Nairobi. Wazee walitaka makochi. Hiram alikuwa akipita anachungulia, ananiuliza kwa macho, mimi natikisa kichwa, naye anaenda kazini akipiga mluzi. Jamani, kupiga mluzi! Mimi ndiye nilikuwa nakasirika. Nilianza kuwachukia wateja wangu mwenyewe kwa ajili ya mlima ambao sikuutaka.

Halafu mwanzoni mwa tisini na mbili huko mlimani kukaharibika. Sitaki kurudia maneno hayo. Walioyaona wanayajua, na waliochoma nyumba za wenzao wanajijua pia. Watu waliteremka na walichoweza kubeba. Walijaa kwenye ua wa makanisa, kwenye veranda za maduka, wa kila kabila, na wengine wakapita kwenda Kimilili na Bungoma kwa ndugu zao. Studio ikanyamaza. Nani anataka kupigwa picha wakati kama huo? Hiram alikuwa amekaa kwangu siku hizo, anapaka benchi upya kwa sababu hapakuwa na kazi nyingine.

Ndipo akaingia mama mmoja na watoto wake watatu. Jina lake Cherop. Watoto wamevaa nguo za kupewa kanisani, koti la mkubwa linamfika magotini. Akasema ana dada yake Nakuru, na dada huyo hajui kama wako hai. Barua hajui kuandika. Anataka picha moja tu ya kutuma, dada aone sura zao, ahesabu, ajue wamefika wote.

Nilimwambia sitaki pesa yake. Nikashusha sebule kwa mazoea, nikiwaza angalau dada aone makochi. Cherop alikuwa haoni makochi. Alikuwa anatazama juu, pale mlima ulipokunjwa nusu, mgongo wake unaonekana.

"Hiyo," akasema. "Shusha hiyo. Tupige na hiyo."

Nikasikia brashi ya Hiram imesimama. Sikugeuka kumtazama, ningelia mapema. Nikavuta kamba, mlima ukashuka wote mpaka sakafuni. Cherop akausogelea taratibu, akauangalia kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Kisha akaweka kidole chini kidogo ya msitu.

"Mlichorea Saboti," akasema.

"Ndiyo, mama," Hiram akajibu.

"Kwetu ni hapa. Mbona hakuna nyumba?"

Hiram akasema nyumba hakuziweka, zilikuwa mbali, hazikuonekana vizuri. Halafu akaenda kuchukua brashi ndogo na mikebe yake bila mtu kumwambia. Akapiga magoti pale kwenye kidole cha yule mama. "Ilikuwa ya namna gani?"

"Ya nyasi. Mlango umeangalia jua likitoka. Na jiko kando." Akaipaka, ndogo, kiasi cha punje ya mahindi. Watoto wakakaribia, wakubwa kwa mdogo, wakaanza kugombana kuhusu mahali pa zizi. Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia sauti.

"Weka na ya Mama Sella," Cherop akasema. "Hapa, ng'ambo ya kijito. Ni mtu wa kwenu, Mbukusu. Tulikuwa tunaombana moto asubuhi. Sijui alikimbilia wapi. Nimeuliza kote, hakuna aliyemwona."

"Paa la nini?" Hiram akauliza.

"Mabati. Aliezeka Krismasi iliyopita tu, akatusumbua sote twende tukaone."

Hiram akafungua mkebe wa rangi ya fedha. Mimi nilikuwa nalia wazi wazi wakati huo, sioni aibu kusema, na kwa sababu nikilia huwa mkali, nikaanza kuwapanga kwa makelele. Nikawaambia wasimame katikati, pale pale ninapowasimamisha watu wote, kwenye alama niliyochora sakafuni, ndipo taa inapofika vizuri. Watoto wakasogea. Cherop akawashika mabega akawarudisha ukingoni mwa pazia, karibu waingie ukutani.

"Mama, hapo mtakatika," nikamwambia. "Njooni kati."

"Tukija kati," akasema, "tutamfunika Mama Sella."

Nikabeba taa, nikaisogeza walipo wao.